Ua lililorithi jina la mmea mwingine

Tuseme mfasiri wa Kiswahili amekabidhiwa kitabu cha Kiingereza kuhusu maua ya mwituni ya Ulaya. Katika ukurasa mmoja anakutana na mmea uitwao "kidney vetch". Anafungua kamusi. Neno la kwanza ni figo. Neno la pili, kamusi inamwambia, ni mmea fulani wa jamii ya kunde. Basi anaunganisha maneno yake mawili, anaandika "kunde ya figo", na kufungua ukurasa unaofuata. Kazi imekwisha.

Je, imekwisha kweli? Hebu tujiweke katika nafasi ya msomaji wake. Akisoma "kunde ya figo" atajua mambo mawili papo hapo: kwamba mmea huo ni aina ya kunde, na kwamba ni dawa ya figo. Hakuna aliyemwambia hayo. Jina ndilo lililomwambia. Sisi ni watu wa mwarubaini, mti uliopewa jina kwa kuaminiwa kwamba unatibu maradhi arubaini. Tumezoea jina la mmea liwe pia maelekezo ya daktari. Mgonjwa wa figo akilisoma jina kama hilo, na mtu akampelekea majani ya kuchemsha, atakunywa.

Sasa basi, ukweli ni kwamba jina hilo la Kiingereza lina maneno mawili na yote mawili yanapotosha. Mmea wenyewe si wa jenasi Vicia, ambayo ndiyo yenye mimea inayostahili hasa jina la "vetch". Ni wa jenasi nyingine kabisa, Anthyllis. Nazo figo, kama tutakavyoona, huenda zilitoka kwa mmea tofauti, wa nchi tofauti, katika kitabu kilichoandikwa karibu miaka 2,000 iliyopita. Historia ya namna ua hili lilivyotambuliwa, likatambuliwa vibaya, kisha likatambuliwa upya, ni historia ya lugha sawasawa na ilivyo ya botania. Ndiyo maana nimeileta katika safu hii.

Tuanze na ua lenyewe. Kusini mwa Uingereza kuna vilima virefu vilivyoumbwa kwa chaki. Chaki hiyo ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya baharini, vilivyotuama chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka kabla ardhi haijainuka. Vilima hivyo vinapofika baharini hukatika ghafla na kuwa majabali meupe, kama yale mashuhuri ya Dover. Juu yake udongo ni mwembamba, hauna rutuba nyingi, na maji hupita upesi. Mkulima wa mahindi angeutazama na kuondoka. Lakini umaskini huo wa udongo ndio unaoleta utajiri wa maua, kwa sababu nyasi ndefu zenye ulafi haziwezi kustawi na kuyafunika maua madogo. Mmea wetu huota hapo, na pia kwenye miamba ya chokaa, majabali ya pwani na matuta ya mchanga. Haukai Uingereza pekee. Unapatikana sehemu kubwa ya Ulaya, kaskazini mwa Afrika, na hata katika nyanda za juu za Ethiopia.

Utautambuaje? Kwanza, tazama umbo la ua moja moja. Yeyote aliyewahi kusimama katika shamba la kunde au mbaazi analijua umbo hilo. Petali ni tano. Moja kubwa imesimama nyuma kama bendera. Mbili ziko pembeni kama mbawa. Mbili za chini zimeungana na kujikunja kama mkuku wa jahazi. Bendera, mbawa na mkuku: ukiviona vitatu hivi pamoja, kwa kawaida uko katika jamii ya kunde.

Hatua hiyo, hata hivyo, inakufikisha kwenye ukoo tu, haijakufikisha mlangoni. Kwenye vilima vilevile vya chaki kuna maua mengine ya manjano yenye bendera, mbawa na mkuku. Liko moja ambalo maganda yake ya mbegu yanatandazika kama vidole vya mguu wa ndege, nalo wataalamu huliita Lotus corniculatus. Liko jingine ambalo maganda yake yamejikunja vipande vipande, kila kipande mfano wa kiatu cha farasi, nalo ni Hippocrepis comosa. Ukisimama mbali, haya yote matatu ni manjano juu ya majani mabichi. Ukipiga magoti ndipo tofauti zinapojitokeza.

Katika mmea wetu, maua hujibana pamoja yakafanya kichwa cha mviringo, na mara nyingi vichwa hivyo hukaa viwiliviwili. Chini ya kila kichwa kuna vijani vilivyochanika kama vidole. Kikombe kinachoshika petali kimevimba na kufunikwa na manyoya meupe laini, kiasi kwamba kichwa kizima huonekana kama kimelazwa juu ya pamba. Petali zikinyauka, ganda dogo lenye mbegu hubaki limejificha ndani ya kikombe hicho. Majani yamepangika jozi kwa jozi katika kikonyo kimoja, na lile la mwisho kwenye ncha, hasa katika majani ya chini, huwa kubwa kuliko mengine.

Angalia kwamba sijataja rangi kama ishara ya kutegemea. Maua haya kwa kawaida ni ya manjano, lakini yapo ya rangi ya maziwa, ya waridi na hata mekundu. Vitabu vya mimea vya Kiingereza vilikuwa vikirudia habari kwamba Linnaeus, yule mtaalamu wa Uswidi, aliyaona mekundu katika kisiwa cha Öland penye udongo mwekundu, na meupe katika kisiwa cha Gotland penye udongo mweupe. Anayelitambua ua hili kwa umanjano wake atalikosa akilikuta limevaa nguo nyingine. Anayelitambua kwa kikombe chake cha manyoya hatalikosa.

Hizo ndizo dalili za mmea. Sasa tuliendee jina.

Katika karne ya 1 baada ya Kristo aliishi tabibu mmoja aitwaye Dioscorides, mzaliwa wa Anazarbus, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Aliandika kwa Kigiriki kitabu kikubwa cha dawa, ambacho Ulaya ilikijua zaidi kwa jina lake la Kilatini, De Materia Medica. Ndani yake alieleza mamia ya mimea: umbo lake, inakoota, na maradhi inayosemekana kuyatibu. Mmojawapo aliuita anthyllis. Alisema ziko aina mbili. Ya kwanza ina majani yanayofanana na ya dengu, huota mahali penye mchanga na jua, na ukiionja ina chumvichumvi. Miongoni mwa tiba alizozitaja chini ya jina hilo ni za taabu ya mkojo na maradhi ya figo.

Hizo hapo figo zetu. Lakini je, ua letu la chaki lipo?

Watafiti wa baadaye walipouchunguza upya maelezo ya Dioscorides, kamusi kubwa ya Kigiriki cha kale ikiwa miongoni mwao, waliona kwamba ile aina ya kwanza inalingana zaidi na mmea mdogo wa ardhi ya chumvi uitwao Cressa cretica. Mmea huo hauko hata katika jamii ya kunde. Uko katika jamii moja na kiazi kitamu! Na aina ya pili imelinganishwa na mmea mwingine tena, wa jamii moja na mrihani. Kumbe mmea wa kwanza kuitwa anthyllis haukuwa na bendera, wala mbawa, wala mkuku.

Ilikuwaje basi jina likasafiri kutoka ufuo wa Bahari ya Mediterania hadi kwenye vilima vya chaki vya kaskazini? Hapa yafaa tutazame njia mbili ambazo kitabu cha Dioscorides kilipitia, kwa sababu zinaonyesha tabia mbili tofauti za wafasiri.

Njia ya kwanza ilipitia Baghdad. Katika karne ya 9 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu na Istifan ibn Basil, na kazi yake ikapitiwa na mwalimu mkuu wa wafasiri wa zama hizo, Hunayn ibn Ishaq. Tabibu Ibn Juljul wa Cordoba, aliyeandika karne iliyofuata, anatusimulia kwamba Istifan alipoujua mmea kwa jina lake la Kiarabu aliliandika. Alipokuwa hajui, aliliacha jina la Kigiriki kama lilivyo kwa herufi za Kiarabu, akitumaini kwamba Mungu atamleta mtu baadaye atakayeujua. Na kweli wakaja. Mfalme wa Byzantium alimpelekea khalifa wa Cordoba nakala ya Kigiriki, na mnamo mwaka wa 951 mtawa aitwaye Nicholas akawasili huko kuisoma pamoja na matabibu wa mji. Wakakaa pamoja, jina kwa jina, mmea kwa mmea, wakapunguza idadi ya yale yaliyokuwa hayajulikani.

Naona katika kitendo hicho cha Istifan uadilifu mkubwa wa kitaaluma. Pengo katika tafsiri yake lilikuwa ni taarifa. Lilimwambia msomaji: hapa pana kazi bado. Laiti angelijaza kwa kubuni, hakuna ambaye angejua kwamba swali lipo.

Njia ya pili ilipitia Ulaya ya karne ya 16. Vitabu vya kuchapwa vilikuwa vimeanza kuenea, na wasomi wa Ujerumani, Uholanzi na Uingereza walikuwa na shauku ya kuwasoma Wagiriki wa kale. Dhana iliyowaongoza wengi wao ilikuwa kwamba Dioscorides alikwisha kuieleza mimea yote yenye maana. Kazi yao ilikuwa kutoka nje, kuchuma mmea wa kwao, kisha kutafuta katika kitabu ni upi kati ya ile ya kale. Hawakufikiri sana kwamba mimea ya kando ya Bahari ya Mediterania siyo mimea ya nchi za baridi. Majina yalikuwa yapo tayari. Mimea ililazimishwa kuyavaa.

Ua letu lina vijani vidogo vilivyopangika kama vya dengu, na hupenda mchanga na pwani. Palitosha. Likapachikwa jina anthyllis, na kwa kuwa lilikuwa la jamii ya kunde, wakaliongezea sifa ya kunde ili litofautiane na anthyllis nyingine. Mwaka wa 1597 John Gerard wa London alipotoa kitabu chake kikubwa cha mimea, The Herball, mmea huo uliingia humo pamoja na jina la Kiingereza lenye figo.

Gerard mwenyewe anastahili sentensi mbili. Alikuwa mtunza bustani hodari, lakini sehemu kubwa ya kitabu chake ilitegemea kazi ya Rembert Dodoens, na michoro yake mingi ilichapwa kwa vibao vilivyokwisha kutumika Ujerumani. Mtaalamu Matthias de l'Obel aliitwa kuyasahihisha makosa, na yalikuwa mengi. Hata hivyo mwishoni mwa kitabu Gerard aliacha habari ya mti unaozaa mabata bukini, akidai amejionea kwa macho yake. Ilibidi Thomas Johnson aje kukirekebisha kitabu hicho mwaka wa 1633. Mti wa bukini ulikosolewa. Figo zilibaki.

Haki ya upande wa pili nayo isemwe. Wapo wanaoeleza kwamba figo zilikuja kwa sababu ya umbo: vichwa viwili vya maua vilivyobanana ubavu kwa ubavu vinafanana na figo. Maelezo hayo yanavutia, na jicho linayakubali. Lakini jina lilipoingia vitabuni lilikuta tiba ya figo imekwisha kuandikwa chini ya anthyllis, na waandishi wa zama hizo walikuwa matabibu na wauza dawa kabla ya kuwa wachoraji wa maumbo. Iwe ilianza na umbo au na tiba, msomaji wa kawaida aliyesikia jina hilo alisikia dawa.

Zingatia pia kwamba mataifa mengine ya Ulaya yaliliangalia ua lilelile na kuona kitu kingine. Wajerumani huliita Wundklee na Waholanzi wondklaver, majina yote mawili yakimaanisha majani ya malisho yenye kuponya jeraha. Wafaransa huliita vulnéraire, kutokana na neno la Kilatini la jeraha. Huenda manyoya ya kile kikombe, yanayofanana na pamba ya kufungia kidonda, ndiyo yaliyowapa wazo. Waswidi wao walimwona mbuzi: jina lao, getväppling, linamaanisha malisho ya mbuzi. Waayalandi waliona vidole vya Bikira Maria. Figo, jeraha, mbuzi na Maria: majina manne, mmea mmoja. Asiyejua mmea akiyasoma majina hayo manne atadhani anasoma habari za mimea minne.

Tatizo hilo la majina mengi kwa kitu kimoja liliwasumbua wataalamu kwa karne nzima. Mwaka wa 1623 Caspar Bauhin wa Basel alichapisha kitabu kiitwacho Pinax, ambamo alikusanya habari za mimea ipatayo 6,000 na kuonyesha ni majina gani ya waandishi mbalimbali yanayohusu mmea uleule. Kwa lugha ya leo tungesema aliandika kamusi ya visawe. Pasipo kazi hiyo ya kuchosha, waliokuja baadaye wasingejua nani alimaanisha nini.

Akaja Carl Linnaeus. Kabla yake jina rasmi la mmea lilikuwa sentensi ya Kilatini iliyojaa sifa: majani yako hivi, shina liko vile, maua yamekaa namna hii. Kila mwandishi aliweza kuitunga upya. Katika kitabu chake Species Plantarum cha mwaka wa 1753, Linnaeus aliendelea kuyaandika maelezo hayo marefu, lakini pembeni akaweka neno moja la kuitia spishi. Ukilichukua jina la jenasi na neno hilo moja, unapata jina la maneno mawili. Ua letu likawa Anthyllis vulneraria.

Ukiyatazama maneno hayo mawili utacheka. La kwanza ni jina la Kigiriki lililohamishwa kutoka mmea mwingine. La pili ni jeraha, neno ambalo waliomtangulia walikuwa tayari wakilitumia. Linnaeus hakusafisha chochote, basi? La. Alichofanya ni kikubwa kuliko kusafisha. Alilitenganisha jina na maelezo. Kuanzia hapo jina halikulazimika kuwa la kweli. Lilitakiwa tu liwe moja, lisibadilike ovyo, na liwe limefungwa kwenye maelezo na kwenye mmea halisi uliokaushwa na kuhifadhiwa. Mikusanyo ya Linnaeus ilinunuliwa na Mwingereza James Edward Smith mwaka wa 1784, na hadi leo inatunzwa London. Mtu akibisha kuhusu mmea alioueleza Linnaeus, habishani na etimolojia. Anaenda kuangalia mmea mkavu.

Kuna atakayeuliza: haya yote yana faida gani kwa mtu asiye mtaalamu? Jibu analo kipepeo.

Nchini Uingereza yupo kipepeo mdogo kuliko wote wa nchi hiyo, Cupido minimus, mwenye mabawa ambayo yakikunjuliwa hayazidi sana upana wa kidole gumba. Jike hutaga yai moja moja ndani ya vichwa vya maua ya Anthyllis vulneraria, na kiwavi hula maua na mbegu changa zilizomo. Nchini humo hana chakula kingine. Wale majirani wawili wa manjano tuliowataja wana wageni wao: ua la viatu vya farasi hulisha viwavi wa vipepeo wengine wa buluu wa vilima vya chaki, nalo ua la mguu wa ndege lina wake. Kila mtu na mlango wake.

Vilima hivyo vimepungua. Baadhi vililimwa kwa mbolea za kisasa. Vingine viliachwa bila kondoo wa kuvilisha. Kisha mwaka wa 1953 ukaingia ugonjwa wa mixomatosi ulioua sungura kwa wingi, na pale ambapo sungura walikuwa wakiguguna nyasi zikabaki fupi, vichaka vikapanda. Maua madogo yakafunikwa. Kwa hiyo leo wapo watu wanaokusanya mbegu na kuyapanda upya maua ya chaki ili kumrudisha kipepeo. Mtu wa namna hiyo akikosea ua, akapanda manjano ya jirani, atapata kilima kizuri cha kupiga picha kisicho na kipepeo hata mmoja aliyemkusudia. Kosa la utambuzi halionekani siku ya kupanda. Linaonekana msimu wa kutaga.

Tugeukie sasa lugha yetu, maana nasi tunayo majina yaliyohama. Mfano ulio karibu ni mkwaju, ambao nao ni wa jamii ya kunde. Jina lake la kisayansi ni Tamarindus indica. Neno la kwanza limetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India. La pili linarudia India. India mara mbili, na mti wenyewe asili yake ni Afrika ya tropiki! Wafanyabiashara walilikuta tunda likitoka upande wa India, wakalipa uraia wa huko. Kiswahili, kwa bahati njema, hakikusubiri kuambiwa. Kilikuwa na neno lake, mkwaju, lisilodai chochote kuhusu asili wala tiba.

Mimea ya pwani yetu na ya bara imewahi pia kupata watu wa mfano wa Bauhin. Charles Sacleux, padri Mfaransa aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, alikusanya mimea kwa mikono yake, na katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyoanza kutolewa mwaka wa 1939 aliambatisha majina ya kisayansi kwa majina mengi ya Kiswahili. Wataalamu wamemkumbuka kwa jenasi iitwayo Sacleuxia. P. J. Greenway alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka wa 1937. Mwaka wa 1995 Bernd Heine na Karsten Legère walichapisha uchunguzi mzima kuhusu mimea ya Waswahili na matumizi yake. Waama, kazi imefanyika. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Lakini fungua kamusi nyingi za Kiswahili kwa Kiswahili ambazo mwanafunzi wa Kenya anazibeba mkobani. Tafuta jina la mti usioujua. Mara ngapi utaambiwa "aina ya mti", au "aina ya mti wenye maua meupe", na basi? Aina ipi? Unaota wapi? Majani yake yakoje? Fasili kama hiyo humsaidia tu anayeujua mti tayari, naye hahitaji kamusi. Bibi wa Lamu au Kilifi anayeujua mmea kwa kuushika anapofariki, neno linabaki kitabuni likiwa halielekezi popote. Ndivyo lilivyokuwa anthyllis kwa wale wa karne ya 16: neno lililobaki baada ya mmea wake kupotea machoni, likawa tayari kuvikwa mmea wowote wa karibu. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Katika majina ya mimea, lisemwalo laweza kuwepo na kile kisemwacho kisijulikane.

Ningependekeza mambo mawili kwa wahariri wa kamusi na kwa wafasiri. La kwanza, kila mmea upewe angalau dalili tatu ambazo mtu asiye mtaalamu anaweza kuziona kwa macho, mahali unapoota, na jina la kisayansi. Jina hilo si pambo la wasomi. Ndilo uzi unaolifunga neno la Kiswahili kwenye mmea mkavu uliohifadhiwa, uwe uko London au katika hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, ambako mtu anaweza kwenda kuhakikisha.

La pili, mfasiri anapokutana na mmea usio na jina la Kiswahili, asikimbilie kuyafasiri maneno ya Kiingereza kana kwamba ni sifa za mmea. Afuate mwendo wa Istifan: aliache jina la kisayansi, alitohoe ikibidi, na aeleze. Jina la wenyeji likipatikana baadaye, litapokelewa kwa mikono miwili. Pengo la wazi linaalika utafiti. Jina la kubuni linaufunga mlango, na anayepita nje hajui kwamba ndani hamna mtu.

Kwa ua letu la chaki, basi, ningeiandika fasili yake hivi: anthilisi, mmea mfupi wa jamii ya kunde wenye vichwa vya maua vya mviringo, aghalabu vya manjano na viwiliviwili, vikombe vya maua vilivyovimba na kufunikwa manyoya meupe, na ganda dogo la mbegu lililofichika ndani ya kikombe, huota kwenye nyasi fupi za ardhi ya chaki na chokaa na kwenye majabali ya pwani, hasa Ulaya, Anthyllis vulneraria. Figo sikuzitaja. Mwenye maradhi ya figo na aende hospitali.